Sindano Moja kwa Banda Zima

Nguruwe jike wa mama alikuwa mweupe mwenye baka moja jeusi mgongoni. Akisikia ndoo ya machicha ya pombe inagongwa, alikuwa anausukuma mlango wa banda kwa pua mpaka bawaba zinalia. Asubuhi moja mwanzoni mwa 2011 hakuusukuma. Mama alimwaga machicha kwenye kihori, akasimama kumtazama, kisha akaniita: "Mwanangu, njoo. Huyu leo hali."

Nyumbani ni Rungwe, vilimani juu ya Tukuyu, ambako nguruwe hula maganda ya ndizi, majani ya viazi vitamu na chochote kilichobaki jikoni. Tulikuwa nao 11, ukihesabu na vitoto 6 vilivyokuwa bado vinanyonya. Ada yangu ya chuo ilikuwa mle bandani, na mabati ya jiko ambayo mama alikuwa ameyasubiri miaka mitatu. Nikaingia nikamgusa. Alikuwa wa moto. Ncha za masikio zilikuwa zimeanza kupata rangi ya tunda la zambarau.

Mama hakushtuka sana, na sababu ya kutoshtuka kwake ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya yote. Miaka miwili nyuma, jike huyohuyo alikuwa amekataa chakula, akapata homa, na ngozi ikamtoka mabaka mekundu yenye pembe nne. Bwana mifugo alikuja akamchoma penisilini siku tatu mfululizo. Siku ya pili alisimama. Siku ya tatu alikuwa anausukuma mlango kama kawaida yake. Ule ulikuwa ugonjwa wa erisipela, unaletwa na bakteria, na penisilini huumaliza vizuri sana. Mama alijifunza kwa macho yake: nguruwe akiwa na homa na ngozi nyekundu, mchome sindano haraka. Alichojifunza kilikuwa sahihi kabisa kwa ugonjwa ule, na ndiyo maana kilituponza.

Safari hii bwana mifugo hakupatikana. Alikuwa mmoja kwa kata nzima na simu yake ilikuwa haipumziki, jambo ambalo lilitakiwa litufungue macho. Nikatumwa dukani. Muuzaji hakuuliza nguruwe ana dalili gani, aliuliza wako wangapi. Nikarudi na chupa ya OTC, yaani oksitetrasaiklini ya asilimia 20, dawa ya rangi ya kahawia kama chai iliyokolea majani, pamoja na bomba moja na sindano moja. Jirani aliyejua kuchoma akaja kutusaidia kwa moyo mweupe. Alianza na jike mgonjwa. Alipomaliza akasema tuwakinge na wengine, akawachoma wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sindano ileile. Kila akitoka kwa mnyama mmoja aliisuuza kwenye kopo la maji ya uvuguvugu. Mwanzo maji yalikuwa meupe. Alipofika kwa dume mdogo wa mwisho yalikuwa kama maji yaliyooshewa nyama. Najua, kwa sababu kopo nililishika mimi.

Jike alikufa siku ya nne. Usiku ule vitoto viliendelea kumtafuta chuchu, na mama akaenda na kibatari kuvitoa kimoja kimoja. Halafu wakaanza wengine: wanajikusanya kona moja kama wana baridi, wanatembea nyuma ikiyumba, wengine wanahara damu. Ndani ya wiki mbili banda lilikuwa tupu.

Waliokuja baadaye kuchukua takwimu walitwambia jina: homa ya nguruwe ya Afrika. Ni ugonjwa wa kirusi. Haina tiba. OTC hushambulia kiwanda cha protini ndani ya bakteria, na kirusi hakina kiwanda hicho. Kinatumia cha mnyama mwenyewe. Kwa hiyo chupa nzima tuliyoimaliza haikugusa kilichokuwa kinawaua. Kilichobaki ni ile sindano. Damu ya nguruwe mwenye homa hii imejaa kirusi kwa wingi mno, na tone lisiloonekana kwenye sindano linatosha kumpa mwingine. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba wasingeambukizwa, walikuwa banda moja na walikula kihori kimoja. Lakini vitoto vingeweza kutengwa, na dume mdogo alikuwa kwenye kibanda chake peke yake nyuma ya migomba. Yeye hakuwahi kugusana na jike. Aliguswa na sindano.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi, na nimelisoma kadiri nilivyoweza.

Ugonjwa wenyewe ni wa kwetu. Aliyeueleza kwa maandishi mara ya kwanza ni Montgomery, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya wakati wa ukoloni. Nguruwe wa walowezi walikuwa wanakufa karibu wote, na yeye akaona kwamba huu si ule ugonjwa wa nguruwe uliojulikana Ulaya, kwa sababu kinga iliyotengenezwa dhidi ya ule wa Ulaya haikuwasaidia. Alichapisha mwaka 1921. Kabla ya walowezi kuleta nguruwe wao, kirusi kilikuwa kinaishi kimyakimya kati ya ngiri na papasi, yule kupe laini anayekaa kwenye mashimo ya ngiri na ambaye wazee wetu wanamfahamu kutoka kwenye nyufa za nyumba za udongo. Ngiri anakibeba bila kuumwa. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula na bado akawa nacho. Walioleta mnyama mgeni katikati ya mzunguko huo ndio walioona vifo.

Kwetu kusini, wimbi la wakati ule liliibuka Kyela, mpakani na Malawi, mwishoni mwa 2010. Lilipanda Rungwe, likaingia Mbeya, likafuata barabara kuu kupitia Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam. Ngiri hatembei barabara kuu. Waliolitembeza ni watu wenye hofu. Mfugaji akisikia kwa jirani wanakufa, anauza wake siku hiyohiyo kabla hawajaanza, na mchinjaji ananunua kwa bei ya chini, na nyama inapanda basi. Kirusi hakimdhuru binadamu hata kidogo, anayekula nyama ile haumwi. Lakini kwenye nyama isiyopikwa kinaweza kuishi miezi, na mifupa na maji ya kuoshea nyama hurudi kwenye ndoo ya makombo, na makombo hurudi bandani. Nawaelewa waliouza. Sijawahi kumjua mfugaji yeyote kijijini kwetu aliyelipwa fidia, na mtu asiyelipwa kwa kusema ukweli ataficha ugonjwa.

Njia hiyo ya makombo ndiyo iliyokivusha kirusi bahari. Mwaka 1957 kilifika Ureno kupitia mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Mwaka 2007 kikaibuka Georgia, aina ileile ya kusini-mashariki mwa Afrika iliyopita kwetu, na mabaki ya chakula cha meli ndiyo yanayoshukiwa. Kutoka hapo kikasambaa hadi China, Agosti 2018, na nguruwe waliokufa au kuteketezwa huko hawahesabiki kirahisi. Ndoo ya mama na ndoo ya Lisbon zilikuwa na kosa moja: hazikuchemshwa.

Sasa nirudi kwenye ile chupa, maana kirusi ni nusu tu ya habari.

Baada ya msiba ule nilidhani kosa letu lilikuwa dogo: tumetumia dawa isiyohusika, tumepoteza hela, basi. Nilipoanza kufuga mwenyewe hapa Uyole, Mbeya, ndipo nikaona kwamba ile dawa isiyohusika inachomwa kila wiki, kwenye kila banda, kwa kila tatizo. Nguruwe anakohoa, OTC. Kitoto kinahara, OTC. Jike amezaa, OTC, "kwa tahadhari". Dozi ya ile ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama, kwa hiyo nguruwe wa kilo 80 anatakiwa apate mililita 8. Nani anampima nguruwe kilo? Kwetu wote wanapata cc 5, yaani mililita 5, awe kitoto kilichoachishwa juzi au dume linalobeba mtu. Mdogo anazidishiwa, mkubwa anapunjwa. Bakteria aliyeonjeshwa dawa kidogo bila kuuawa anabaki na nafasi ya kuzoea, na watoto wake wanazaliwa wakiwa wamekwisha izoea. Serikali na wataalamu wanaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi, na Tanzania ilikuwa na mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana nao kuanzia 2017 hadi 2022. Mabandani kwetu tunasema tu "dawa siku hizi hazina nguvu", tunabadilisha chupa.

Nitaeleza jinsi chupa inavyobadilishwa, kwa sababu nimelifanya. Nilikuwa na vitoto 9, nikaviachisha vikiwa na wiki tano kwa sababu nilitaka jike apandwe tena mapema. Siku ya nne baada ya kuachishwa vikaanza kuhara, ule uharo wa njano wenye maji unaoshika mkia na mapaja. Ni bakteria wa tumboni, E. koli, wanaopata nafasi kitoto kinapokosa maziwa na kinga iliyomo ndani yake kabla tumbo halijaweza pumba na mashudu. Nikachoma OTC. Haikusaidia. Nikaenda dukani, nikapewa unga wa kuchanganya kwenye maji, unaotumika sana kwa kuku. Uharo ukakauka ndani ya siku mbili, nikafurahi, nikaendelea kuutia kwenye maji wiki nzima hata kwa waliokuwa wazima. Baadaye sana niligeuza pakiti nikasoma nyuma. Ilikuwa kolistini.

Kolistini ni dawa ya zamani. Hospitali ziliiweka kando miaka mingi kwa sababu inaumiza figo, kisha zikairudia kwa shida: ndiyo inayobaki mgonjwa aliyelazwa mahututi anapokuwa na bakteria waliokataa dawa nyingine karibu zote. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini bakteria wenye jeni linaloishinda kolistini, walilolipa jina mcr-1. Kilichotisha zaidi ni mahali jeni lilipokaa: kwenye kipande kidogo cha chembe za urithi ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata wa jamii nyingine, kama mtu anavyopokezana mwenge. China ilikuwa inalisha nguruwe kolistini kwa wingi ili wakue haraka, na kuanzia 2017 ikapiga marufuku matumizi hayo. Nami nilikuwa nimeitia kwenye ndoo ya lita 20, nikikoroga kwa mti.

Watu huuliza kama inawezekana kufuga nguruwe bila kuishi kwa dawa. Denmark ni nchi ndogo inayozalisha nguruwe wengi mara kadhaa kuliko watu wake. Mwaka 1995 walipiga marufuku avopasini, dawa ya kukuzia iliyokuwa inazalisha bakteria sugu kwa vankomaisini ya hospitali, na hadi kufika 2000 walikuwa wameacha kabisa kulisha nguruwe antibiotiki kwa ajili ya kukuza. Umoja wa Ulaya ukafuata nchi zote 1 Januari 2006. Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa: vitoto vilivyoachishwa vilihara zaidi mwanzoni na dawa za kutibu zikaongezeka. Mwaka 2010 Denmark wakaanzisha kadi ya njano, shamba linalovuka kiwango cha dawa linaonywa na kufuatiliwa. Kinachonigusa ni kwamba wana rekodi ya kila chupa, ya mnyama wa rika gani na kwa sababu gani. Huwezi kumwonyesha mtu kadi ya njano kama hujui ametumia nini. Mimi kabla ya miaka michache iliyopita nisingeweza kukwambia nimechoma nini mwezi uliopita.

Kisha kuna siku ya cheti cha maabara. Shangazi yangu alipata maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokuwa yanarudi kila mara. Akapimwa, mkojo ukaoteshwa, na siku ya tatu nikaenda kumchukulia majibu. Karatasi ilikuwa na orodha ya dawa, na mbele ya kila moja herufi: S ikiwa bakteria wanakufa, R ikiwa wamekataa. Ampisilini, R. Septrini, R. Tetrasaiklini, R. Nilisimama koridoni nikilisoma lile neno tetrasaiklini, ndugu wa damu wa OTC yangu. Hakuna anayeweza kusema bakteria wa shangazi walitoka kwenye banda la nguruwe, wala langu wala la mtu mwingine. Binadamu nao tunameza dawa ovyo, tunanunua vidonge vinne vinne. Lakini shangazi ndiye anayenisaidia kusafisha banda nikisafiri, kwa mikono mitupu, na tope la banda naliweka kwenye bustani ya mchicha. Sikuweza tena kujiambia kwamba mambo ya bandani yanaishia bandani.

Alipona, kwa sindano ya bei ambayo ilibidi tuchangishane.

Nimefikia mahali pa kuamini kwamba tunachoma dawa nyingi kwa sababu dawa ndiyo kitu pekee kinachouzwa karibu. Ukuta hauuzwi dukani, wala kutenga nguruwe mgeni siku 30. Kipimo ndiyo kabisa: sampuli ya damu kutoka Mbeya kwenda maabara kuu ya mifugo Temeke inasafiri zaidi ya kilomita 800, na mnyama ameanguka leo. Katika saa hizo mfugaji anataka afanye kitu, asionekane amekaa tu mali yake ikifa. Chupa ya OTC inampa la kufanya. Ukimkaripia kwamba ni mjinga hujamsaidia; mama yangu hakuwa mjinga, alifuata ushahidi aliokuwa nao.

Kwa hiyo kwangu nilianza na ya kawaida. Makombo ya mama ntilie yanachemka nusu saa kamili, kuni zinaniuma lakini yanachemka. Viatu vya bandani haviendi sokoni, na mgeni anavua vyake getini, hata akiwa mjomba. Jike simpeleki tena kwa dume la mtaani, ule utaratibu wetu wa kulipa kitoto kimoja kwa kupandisha, kwa sababu dume lile linapokea majike ya mitaa minne. Tumeungana wafugaji watatu tukanunua dume letu. Nguruwe hawazururi, jambo linalowaepusha pia na minyoo ya tegu, ambayo kule Mbozi na Mbulu imeleta kifafa kwa watu wa nyumba nyingi. Vitoto naviachisha wiki ya nane, na uharo umepungua kwa namna ambayo kolistini haikuwahi kunipa. Kila mnyama ana sindano yake. Na kuna daftari lenye jalada la bluu linaloning'inia kwenye msumari: tarehe, mnyama, dawa, kiasi, sababu, na tarehe ambayo nyama yake itakuwa salama kuliwa.

Mwezi uliopita jike mmoja alikataa kula. Nilipoona sikio jekundu miguu iliniisha nguvu, niwe mkweli. Nilifunga geti, nikampigia bwana mifugo. "Dokta, usije na sindano kwanza," nilimwambia, "njoo na kipima joto." Akaja, akavaa buti zangu, akapima: 41.2. Kisha akafanya kitu ambacho natamani yule jirani yetu wa Rungwe angekijua. Akafumba macho, akampapasa ubavu kwa kiganja kilichofunguka. "Weka mkono hapa." Niliweka. Chini ya manyoya kulikuwa na vinundu vya bapa vilivyoinuka, vyenye kingo, kama ugali uliokatwa vipande na kufunikwa na kitambaa. Erisipela huinua ngozi hivyo. Kwenye homa ya Afrika wekundu unakaa bapa, mkono hauhisi kitu. Alinionya kwamba kiganja hakitoshi, akachukua damu kwa ajili ya maabara, akaniambia geti libaki limefungwa mpaka majibu yatoke, kisha akachoma penisilini kwa dozi ya uzito tuliokadiria kwa kupima kifua kwa kamba. Siku tatu, sindano mpya kila siku. Siku ya tatu alikuwa kwenye kihori. Majibu yalipokuja, hayakuonyesha homa ya Afrika.

Ijumaa ile mchinjaji wangu alikuja na pikipiki kama kawaida. Alikuwa na oda ya harusi, na jike yule alikuwa ndiye mwenye kilo alizozitaka. Nikamletea daftari, nikamwonyesha tarehe. Akaisoma, akaangalia jike aliyekuwa anakula vizuri tu, akaniambia mbona mzima. Nikamwambia amepona, lakini dawa bado imo mwilini, arudi baada ya hiyo tarehe. Alitaja bei, akaiongeza. Nikakataa. Alikunja karatasi yake ya oda akaiweka mfukoni, akasema basi atajaribu kwa jirani wa bondeni, akawasha pikipiki.